Meko Manane

Kisangani ni mji wa mto na wa baiskeli. Asubuhi na mapema, ukungu ungali juu ya mto Kongo, baiskeli za toleka hupita kila njia, kila moja ina kiti cha sponji nyuma na mtu amekaa juu yake. Neno hilo ni la Kilingala, maana yake ni "tupite". Kwa kweli wanapita, hata mahali ambapo motokari hukwama.

Katika mji huo, mwaka 2011, mwalimu mmoja wa darasa la tano alipewa kazi ambayo hakuiomba. Shule yake, shule ya misioni, iliazimia kupeleka watoto 24 mpaka Namugongo, katika nchi ya Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi, tarehe 3 Juni. Padre alitafuta gari na fedha. Sista mmoja aliombwa awatunze wasichana. Mwalimu akaambiwa, "Wewe utawapeleka na kuwarudisha."

Kuwapeleka hakukumtisha. Kuwarudisha ndiko kulikomnyima usingizi.

Siku ya Jumapili kabla ya safari, wazazi walikuja misioni na mizigo ya watoto wao: blanketi, sabuni, kwanga zilizofungwa majani, samaki wa chumvi. Mama mmoja alimshika mwanawe bega, akamsogeza mbele ya Mwalimu, akasema, "Mwalimu, nimekupa mmoja. Uniletee mmoja." Wengine wakacheka, lakini yeye hakucheka.

Palikuwa pia na baba mmoja mwenye toleka. Mtu huyu alikuwa hana maneno mengi. Alikuwa amemnunulia mwanawe saa ya mkono kwa fedha za kazi yake, na kwa kuwa mkanda ulikuwa mrefu mno kwa mkono wa mtoto, alitoboa matundu mengine mawili kwa msumari wa moto. Katika watoto wote 24, ni huyo peke yake aliyekuwa na saa. Unaweza kufikiri jinsi alivyoiangalia kila mara, hata alipokuwa hahitaji kujua wakati.

Usiku ule Mwalimu alikaa jikoni, mkewe akipika sombe. Alitazama chungu, akatazama mawe matatu yaliyokishika. Ndipo akapata shauri. Asubuhi aliwapanga watoto watatu watatu, akawaambia:

"Tangu leo ninyi si watoto 24. Ninyi ni meko manane. Kila jiko lina mafiga matatu. Je, chungu hukaa juu ya mafiga mawili?"

"Hapana, Mwalimu!"

"Basi, mmoja akienda chooni, wote watatu waende. Mmoja akiumwa, wawili waje kuniambia. Nikiita jiko, nataka kusikia sauti tatu."

Mtoto wa mwenye toleka aliwekwa katika jiko la tano.

Waliondoka Jumatatu, tarehe 30 Mei, baada ya Misa. Toka Kisangani mpaka Beni ni zaidi ya kilometa 700, na karibu zote ni msitu. Walipita Bafwasende, wakafika Nia-Nia, mahali ambapo njia moja hugeuka kwenda kaskazini, Wamba na Isiro. Hapo Sista aliomba gari lisimame kidogo. Huko Isiro ndiko alikouawa Mwenye Heri Anuarite, tarehe 1 Desemba 1964, wakati wa uasi, kwa kuwa alikataa kuvunja ahadi yake kwa Mungu. Watoto walisali Salamu Maria moja. Wakaendelea mpaka Epulu, nchi ya okapi, mnyama mwenye milia miguuni kama punda milia na shingo inayokumbusha twiga. Lakini okapi ana haya, na siku hiyo hakumtokea mtu.

Usiku wa kwanza walilala darasani katika misioni moja ya njiani. Mwalimu alitandika mkeka wake mlangoni, akalala kwa kukinga mlango, ili mtu asiweze kutoka pasipo kumruka. Sista akafanya vivyo hivyo kwa wasichana. Katikati ya usiku Mwalimu alisikia mtoto akilia chini ya blanketi. Alidhani ni mdogo kuliko wote. Lakini sivyo: alikuwa yule mkubwa, mwenye nguvu, ambaye shuleni huwapiga wenzake na kuwanyang'anya mikate. Mwalimu hakumwuliza neno. Alivuta mkeka wake karibu, akakohoa kidogo ili mtoto ajue kuna mtu macho, na baada ya muda kilio kikaisha. Asubuhi wote wawili walijifanya hawakumbuki.

Kesho yake walilala Beni, na siku ya tatu wakafika mpakani, Kasindi. Siku hiyo mawingu yalifunguka kidogo, wakaona theluji juu ya milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake hupita meta 5,000. Watoto wa mto Kongo hawakuamini. Mmoja alisema ni chumvi.

Mpaka wa Kasindi una shughuli nyingi kama soko. Mwalimu alikuwa na karatasi yenye majina 24, na ofisa wa upande wa pili, Mpondwe, aliwahesabu watoto mmoja mmoja kwa kalamu, akapiga muhuri. Hesabu ile ikawa imeandikwa: 24 wameingia, 24 ni lazima watoke.

Sasa, katika Uganda magari hupita upande wa kushoto wa njia, na kwetu Kongo hupita upande wa kulia. Mtoto wa Kisangani akitaka kuvuka njia Uganda, hutazama upande usio na hatari, na gari humjia kwa upande mwingine. Kwa hiyo Mwalimu aliwasimamisha watoto kando ya njia, akawafundisha kutazama upya. Na kwa haraka, kama mtu anayefunga mzigo wakati gari linaondoka, akaongeza jambo la pili:

"Hapa saa ni moja mbele ya saa ya kwetu. Kisangani ikiwa saa nne, Uganda ni saa tano. Mwenye saa aisogeze. Mmesikia?"

"Tumesikia, Mwalimu!"

Darasa zima hujibu hivyo siku zote, hata asiyesikia. Kila mwalimu anajua, na kila mwalimu husahau.

Jambo lenyewe si gumu. Dunia huzunguka digrii 15 kwa kila saa, kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwa hiyo watu wa mashariki huliona jua kabla ya watu wa magharibi. Ndiyo sababu hata ndani ya Kongo kuna saa mbili: Kinshasa ikiwa saa moja asubuhi, Kisangani ni saa mbili. Mwalimu alikuwa amekwisha kuwafundisha haya ubaoni kwa chungwa na kibiriti. Lakini mtoto wa mwenye toleka, wakati ule pale Mpondwe, macho yake yalikuwa juu ya lori kubwa lililokuja kwa upande wa kushoto, naye hakugusa saa yake.

Walilala Kasese. Waliondoka kabla ya alfajiri, wakapita Fort Portal na Mubende, wakala matoke njiani, nao wakasema kwamba matoke ni lituma ambayo mpishi alichoka kuitwanga. Alasiri ya tarehe 2 Juni wakafika Namugongo.

Nani ataeleza watu waliokuwako? Walikuwako Waganda, Wakenya, Watanzania, Wanyarwanda, na wengine wengi kutoka Kongo. Wako waliokuja kwa miguu kutoka Kenya, siku nyingi njiani, na vidonda vyao vimefungwa vitambaa. Watu walilala nje juu ya mikeka, uwanja mzima, na moshi wa kupikia ulikaa juu yao kama wingu. Katikati lilisimama kanisa la mviringo, mfano wa nyumba ya zamani ya Kiganda, lenye nguzo 22, moja kwa kila Shahidi Mkatoliki. Chini yake kuna ziwa dogo, nalo limezungukwa na watu wenye chupa, kwa maana kila mmoja hutaka kurudi nyumbani na maji ya Namugongo.

Mwalimu aliwaketisha watoto chini ya mwembe, akawasimulia.

"Mnamjua Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Katika ikulu yake walikuwamo vijana wengi wa kumtumikia, wengine wakubwa kuliko ninyi kidogo tu. Yosefu Mukasa aliwalinda wasivutwe katika mabaya ya ikulu, naye akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Baada yake aliyewatunza ni Karoli Lwanga, kijana wa miaka ipatayo 25. Huyu alikuwa kwao kama kaka. Usiku wa tarehe 25 Mei 1886, huko Munyonyo, walijua kwamba asubuhi itakuwa mbaya. Karoli hakulala. Aliwabatiza wale ambao hawajabatizwa bado, na mmoja wao ni Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Asubuhi Kabaka akaamuru, 'Wanaosali wasimame upande ule!' Karoli akasimama kwanza, na watoto wakamfuata. Husimuliwa kwamba alimshika Kizito mkono.

"Wakafungwa, wakatembezwa mpaka hapa, na wengine wakauawa njiani. Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa Bwana, wakachomwa moto, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Vijana watatu waliachwa hai dakika ya mwisho, na mmoja wao, Denis Kamyuka, ndiye aliyewaeleza watu baadaye mambo aliyoyaona. Ndiyo maana tunajua. Tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo VI akawaandika wale 22 katika hesabu ya Watakatifu, na mwaka 1969 akaja mwenyewe Uganda na kusali mahali hapa."

Watoto walinyamaza kabisa. Mwalimu alifurahi moyoni kwa jinsi alivyosimulia vizuri. Labda alifurahi zaidi ya kiasi. Akawaambia, "Sasa mnaweza kwenda kuteka maji, kila jiko pamoja. Saa kumi na mbili jioni, kabla ya giza, wote muwe hapa chini ya mwembe."

Saa kumi na mbili ikafika. Mwalimu akaita.

"Jiko la kwanza!" Sauti tatu. "Jiko la pili!" Sauti tatu. La tatu, la nne. "Jiko la tano!"

Kimya.

Akaendelea mpaka la nane, akarudi tena la tano. Akahesabu vichwa: 21. Akahesabu tena kutoka upande wa pili, kana kwamba hesabu hubadilika mtu akianzia kwingine. 21.

Alingoja robo saa. Jua lilikuwa linashuka. Kisha akamwambia Sista, "Kaa na hawa," akaenda.

Mnakumbuka katika Injili yule mchungaji aliyewaacha kondoo 99 nyikani akaenda kumtafuta mmoja. Injili haisemi nani alibaki na wale 99. Mwalimu alikuwa na Sista. Kama asingalikuwa naye, angalifanya nini? Afadhali wanaoandika ruhusa za safari za watoto wajiulize neno hilo kabla ya gari kuondoka.

Alikwenda kwanza ziwani. Palikuwa na mistari mirefu ya watu, na kila mtoto aliyeona mgongo wake alifanana na wake, mpaka alipogeuka. Akamwendea polisi, naye polisi akamsikiliza kwa upole, akaandika jina la kila mtoto. Akawaendea watu wa kipaza sauti. Tangazo lilisomwa kwa Kiganda na Kiingereza, lugha ambazo watoto wale hawazijui. Mwalimu akaomba aseme mwenyewe kwa Kiswahili. Wakampa. Akasema, na sauti yake ilitetemeka, "Jiko la tano! Jiko la tano! Mwalimu wenu anawangoja chini ya mwembe!"

Watu waliokaa karibu walishangaa, kwa maana ni nani huita jiko kwa kipaza sauti? Mzee mmoja Mkenya, mwenye fimbo na miguu iliyovimba kwa safari, akasimama. "Ni watoto, Mwalimu?" "Ni watoto watatu, mzee. Wamevaa shati jeupe na kaptula ya buluu." Mzee yule, ambaye alikuwa ametembea siku nyingi na ambaye alistahili kuketi, akachukua fimbo yake akaenda kuwauliza wenzake kundi kwa kundi.

Lakini sauti ya kipaza ilikuwa imepotea katika nyimbo. Jua likazama. Mioto ikaonekana uwanja mzima. Mwalimu alikuwa akitembea kwa haraka, kisha akikimbia, na katika masikio yake alisikia neno moja tu: nimekupa mmoja, uniletee mmoja. Aliona ile karatasi yenye muhuri. Aliwaza jinsi atakavyosimama mbele ya wazazi. Baadaye akaona haya, kwa kuwa katika saa ile alikuwa amejifikiria mwenyewe karibu sawa na kuwafikiria watoto.

Alirudi mwembeni, labda wamefika. Hawakufika. Ilikuwa sasa karibu saa moja usiku. Sista aliwasalisha watoto Rozari, na wengine walikuwa wakilia.

Ndipo walipotokea. Walikuja polepole kati ya mioto, watatu, wameshikana mikono, wa katikati ni mtoto wa mwenye toleka. Hawakuwa na hofu hata kidogo. Mmoja alibeba chupa ya maji kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mayai.

"Mwalimu," akasema mtoto wa mwenye toleka, "tumefika kwa wakati. Hata dakika moja haikuzidi. Chupa hii ni yako."

Mkono wa Mwalimu ulikuwa umekwisha kuinuka. Mtoto, kwa kuwa hakuelewa, alinyosha mkono wake mwembamba ili kuonyesha saa. Katika mwanga wa moto Mwalimu akaona: saa kumi na mbili kamili.

"Je, hukuisogeza pale mpakani?"

"Hapana, Mwalimu. Baba aliniambia nisiiguse."

"Na giza hili? Hukuona giza?"

"Tuliliona. Niliwaambia wenzangu kwamba kwa Waganda jua huzama mapema."

Mwalimu akashusha mkono wake. Akaketi chini, pale pale penye majani, kwa sababu magoti yake yalikataa. Jiko la tano lilikuwa limefanya yote aliyoagiza: waliteka maji, walikaa pamoja, walirudi kwa wakati. Aliyekosa si wao. Yeye alikuwa ameuliza "Mmesikia?" na hakuwa ametazama saa ya mtoto, saa moja tu katika darasa zima. Ingalimchukua nafasi ya kuvuta pumzi.

Alipoweza kusema, aliwaambia watoto wote kosa ni lake. Kisha akamwambia mtoto, "Usiiguse hiyo saa. Baba yako amesema. Ukiwa Uganda, tazama saa, kisha ongeza moja kichwani. Saa kumi na mbili?" "Saa moja, Mwalimu." "Saa tatu?" "Saa nne." Akamfanyia mtihani mara kumi. Akaenda kumtafuta mzee Mkenya ili amshukuru, akamkuta mbali kabisa, angali akiuliza watu.

Usiku ule Mwalimu hakulala. Hapakuwa na mlango wa kukinga, uwanja ulikuwa wazi pande zote. Alikaa akihesabu miguu iliyotokeza chini ya blanketi: 48. Karibu na alfajiri Sista alimwambia, "Lala kidogo, Mwalimu, nitahesabu mimi." Akalala, lakini midomo yake ilikuwa bado inahesabu.

Misa ya sikukuu ilikuwa kubwa, na watoto waliieleza baadaye kwa mwezi mzima: ngoma, maaskofu, na altare katikati ya maji. Mwalimu mwenyewe hakuona mengi. Alikuwa akitazama vichwa 24.

Katika kurudi, ofisa wa Mpondwe aliwahesabu tena kwa kalamu. 24. Walipofika upande wa Kongo, Mwalimu aliirudisha saa yake nyuma. Mtoto wa mwenye toleka akaja mbio, akaweka mkono wake kando ya mkono wa Mwalimu, na zile saa mbili zilikuwa sawa.

Wakafika Kisangani jioni, na wazazi walikuwa wamejaa uwanjani. Mama yule alimpapasa mwanawe kichwa, mabega na mikono, kama mtu anayekagua nguo dukani, akasema, "Ndiye." Watu wakaanza kuimba. Mwalimu angaliweza kwenda nyumbani. Watoto walikuwa wazima, na Sista hangesema kitu. Lakini akapanda juu ya ngazi ya kanisa, akaomba wanyamaze, akasema, "Wazazi, nimewaletea wote. Lakini lazima mjue kwamba huko Namugongo, kwa muda wa saa nzima, sikujua watoto watatu wenu walipo. Kosa lilikuwa langu." Akaeleza jinsi ilivyokuwa, hata habari ya mkono ulioinuka.

Pakawa kimya. Wengine walinung'unika. Mzazi mmoja alisema kwa sauti kwamba mwakani mtoto wake haendi popote, na hiyo ilikuwa haki yake.

Mwenye toleka hakusema neno. Alimwita mwanawe, akaitazama saa, akaisikiliza sikioni. Kisha alifunga mzigo wa mtoto mbele ya baiskeli, akamketisha mtoto juu ya chuma cha mbele, akageuka kwa Mwalimu, ambaye alikuwa akishuka ngazi peke yake na mkeka wake begani.

"Mwalimu," akasema, akipangusa vumbi kwenye kiti cha nyuma, "na wewe, nani anakufikisha nyumbani? Panda."